Trela la Ulaya na trela la Marekani: jinsi ya kulipatanisha na gari linalolivuta

Kosa linalowakuta wengi wanaoanza kuvuta trela la kulala ni kuchukua kanuni ya bara moja na kuitumia kwenye chombo cha bara jingine. Mtu anasoma kwamba ulimi ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, kisha anapakia hivyo karavani ya Kijerumani ambayo kikombe chake, yaani kifungio cha mbele kinachoshika tufe la gari, kimeandikwa kilo 100 tu. Mwingine anaona gari dogo limeruhusiwa kuvuta kilo 1,800 Ulaya, analifunga kwenye trela la Kimarekani la uzito huohuo, na gari linalala nyuma huku magurudumu ya mbele yakikosa uzito wa kushika barabara. Mahali ekseli ilipo, aina ya breki na mwendo unaoruhusiwa vinategemeana. Ukibadilisha kimoja, hesabu ya vingine inavurugika.

Uzito wa ulimi

Ulimi ni mkono wa chuma unaotoka mbele ya trela, na uzito wake ni ule unaolikandamiza tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Trela la Ulaya huwa na ekseli karibu na katikati, kuta za paneli nyepesi na chasisi ya chuma chembamba kilichopakwa zinki. Waingereza hulenga asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela lililopakiwa, na kikomo cha gari mara nyingi ni kati ya kilo 75 na 100. Trela la Marekani lina fremu nzito, springi za bapa, matangi ya maji safi na machafu, mara nyingi ekseli mbili zilizosogezwa nyuma, na wakati mwingine sehemu ya chumba inayosukumwa nje ubavuni. Hilo ndilo la asilimia 10 hadi 15.

Uzito ulio mbele ya ekseli hupunguza kuyumba, na trela refu linalokimbia sana linauhitaji zaidi. Ulaya hupunguza hatari kwa njia nyingine. Mwendo ni mdogo: Ujerumani ni kilomita 80 kwa saa, na 100 kwa waliokaguliwa na kupewa kibandiko. Vitu vizito hukaa sakafuni juu ya ekseli. Tena makaravani mengi yana kikombe chenye pedi za msuguano zinazolibana tufe, na tufe la kikombe hicho halipakwi grisi hata kidogo. Tufe la kawaida la Marekani hupakwa grisi, kwa hiyo ukibadilishana magari na mwenzako, lifute mpaka chuma king'ae kabla ya kulifunga.

Pima, usikisie. Egesha trela lililopakiwa mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, kisha simamisha kipande cha mbao kati ya kikombe na mizani ya kupimia watu. Urefu wa mbao ukifanye kikombe kiwe kwenye kimo chake cha safarini. Kikiinuka au kushuka, namba inabadilika. Ulimi mzito wa Kimarekani utaivunja mizani hiyo, kwa hiyo tumia ubao mgumu. Upande mmoja uegemee bomba lililolala juu ya tofali, upande wa pili bomba lililolala juu ya mizani, na nafasi kati ya mabomba iwe sentimita 90. Shusha ulimi sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Mizani inasoma theluthi moja: zidisha kwa 3, baada ya kutoa uzito wa ubao wenyewe unaosomeka kabla ya kushusha.

Ulaya, linganisha jibu na namba tatu: ya gari, ya mkono wa kuvutia (chuma cha gari kinachobeba tufe) na ya kikombe. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo kikomo. Kwa trela la kilo 1,400, asilimia 5 hadi 7 ni kilo 70 hadi 98. Kama gari linaruhusu 80, kaa karibu na 80 bila kuivuka. Ulimi wa kilo 40 kwa sababu "gari lipumzike" ni hatari kuliko wa 80.

Marekani, kinachoisha mapema si nguvu ya kuvuta bali uwezo wa gari kubeba. Chukua pikapu ambayo kibandiko cha mlango wa dereva kinasema kilo 700 za watu na mizigo. Trela la kilo 3,000 lenye ulimi wa asilimia 13 linaweka kilo 390. Watu wanne, dereva akiwemo, ni kilo 300. Zimebaki kilo 10, na hujaweka hata begi, wala hujahesabu chuma cha kuvutia chenyewe. Tangazo la pikapu hiyo huenda linasema inavuta kilo 4,500, na ni kweli, lakini si ikiwa na familia ndani.

Ndiyo maana Wamarekani hutumia vyuma vya kugawa uzito: fito mbili za springi zinazokaza kati ya ulimi na gari na kurudisha uzito kwenye ekseli ya mbele. Pima kimo cha upinde wa gurudumu la mbele kabla ya kufunga trela, pima tena baada ya kulishusha, kisha kaza fito hadi upinde urudi chini kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usizifunge kwenye mkono wa Ulaya wenye shingo iliyopinda. Haukutengenezwa kwa msokoto huo, na minyororo ya fito huzuia ulimi wa breki ya kusukumwa (imeelezwa hapa chini) usiteleze.

Tufe

La Ulaya ni milimita 50. La Marekani lililo la kawaida ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na la matrela mazito ni inchi 2 na 5/16. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 kinaonekana kimefungwa, lakini kina ulegevu na kinaweza kuruka kwenye tuta. Badilisha tufe.

Breki

Trela la Ulaya lenye uzito unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki, na karibu zote ni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma, fimbo ya ulimi inaingia ndani na kuvuta kebo. Gari halihitaji kifaa chochote. Ukisikia "ko!" kila unapokanyaga breki, damba, yaani kifaa cha kupunguza mshtuko kilicho ndani ya ulimi, imekufa. Hitilafu nyingine ya mara kwa mara huletwa na fundi: kebo zikilegea, hukaza fimbo ya kati. Utaratibu ni kurekebisha viatu vya breki ndani ya kila ngoma kwanza, fimbo mwisho. Ukianza na fimbo, trela litashika breki unaporudi nyuma. Egesha kwa kabari daima, kwa sababu hendibreki yake huacha magurudumu yarudi nyuma kidogo kabla ya kushika sawasawa.

Trela la Marekani hutumia sumaku za volti 12 ndani ya ngoma, na gari lazima liwe na kidhibiti cha breki hizo karibu na dereva. Kwenye barabara kavu, tupu na iliyonyooka, kwa takribani kilomita 40 kwa saa, bana kitufe cha mkono cha kidhibiti mpaka mwisho. Ongeza nguvu hadi magurudumu ya trela yaanze kuganda, halafu punguza kidogo. Rudia kila mzigo unapobadilika. Kitufe hicho kina kazi nyingine: trela likianza kuyumba, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kibane peke yake bila kukanyaga breki ya gari. Mwenye breki ya kusukumwa hana msaada huo. Yeye huachia mafuta na kutulia, wala haongezi kasi.

Kebo ya dharura ya Ulaya huvuta hendibreki trela likichomoka. Ya Marekani huchomoa pini ya swichi na betri ya trela inashika breki; betri ikiwa imekufa, hakuna breki. Ifunge kwenye gari lenyewe, si kwenye chuma kinachochomolewa. Minyororo ya usalama ya Kimarekani ipishane chini ya ulimi ili iudake ukianguka.

Umeme na gesi

Plagi ya Ulaya ina pini 13, na taa ya kukata kona ina waya wake. Trela la Marekani lina plagi ya njia 7 yenye waya wa breki, na kwa kawaida taa moja nyekundu hufanya kazi ya breki na ya kona. Kubadili adapta tu hakutoshi. Panahitajika kisanduku cha kutenganisha au kuunganisha ishara hizo. Ndani ya trela, Ulaya ni volti 230 na hezi 50, Marekani volti 120 na hezi 60, kwa hiyo friji na chaja vikaguliwe kimoja kimoja. Regulata ya gesi ya Ulaya kwa kawaida ni milibari 30, ingawa matrela ya zamani ya Kijerumani ni 50. Soma namba iliyo kwenye jiko kabla ya kuunganisha mtungi.