Somo: Kwenda Ardhioevu Kutazama Ndege wa Maji Wanaohama

Wengi mmeniuliza kwa nini mnakwenda hifadhini msimu wenyewe, mnatembea kutwa, halafu mnarudi mmeona mikia ya bata tu. Jibu langu ni hilo hilo: mlitembea. Ndege wa maji hafuatwi, anasubiriwa. Nami nililijua hilo baada ya kuzunguka asubuhi nzima juu ya tuta la bwawa, kila kundi nililolikaribia likiruka kabla sijainua darubini. Nilipochoka nikakaa kwenye matete. Nusu saa haikuisha, bata wale wale wakaanza kurudi, wawili, watano, kisha kundi zima, wakatua karibu kiasi kwamba nilisikia midomo yao ikichuja tope.

Hatua ya 1: Mahali na msimu

Anza na orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Ina maeneo zaidi ya 2,400 duniani, na mojawapo ya vigezo vya kuingizwa ni eneo kupokea ndege wa maji 20,000 au zaidi mara kwa mara. Ukiona eneo limeingia kwa kigezo hicho, usisite.

Ndege wanaozaliana kaskazini ya mbali hushuka kusini kati ya Agosti na Novemba, na hurudi kati ya Machi na Mei. Vitwitwi na sululu, ndege wa mwambao, hutangulia. Bata na mabata bukini wengi hukawia, wakaondoka pale maji yanapoanza kuganda.

Kabla ya safari piga simu ofisi ya hifadhi, uulize mambo mawili. Kwanza, kina cha maji: bata wanaokula kwa kuinamisha kichwa na kuinua mkia wanataka maji mafupi, na bwawa lililojaa pomoni huwa halina kitu kwao. Pili, kama kuna siku za uwindaji, maana baadhi ya hifadhi huruhusu. Siku hizo usiende.

Hatua ya 2: Saa

Uwe umeshakaa kabla jua halijachomoza. Mabata bukini na korongo wengi hulala majini na kwenda mashambani kula mchana, kwa hiyo utawaona wakiondoka alfajiri na kurudi magharibi. Mchana wa jua kali mvuke unacheza juu ya maji na darubini inakuonyesha vivuli vinavyotetemeka.

Pwani mambo ni tofauti, saa yako ni maji. Fika kama saa mbili kabla maji hayajajaa kabisa. Yakipwa, ndege wametawanyika mbali kwenye tope; yakijaa, yanawasukuma taratibu hadi ulipo.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Gambuti, nguo za rangi ya udongo au majani, maji ya kunywa, daftari na penseli, kwani wino hutawanyika karatasi ikilowa. Zaidi ya hapo ni mzigo.

Hatua ya 4: Kaa wapi

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika. Ndege wa maji hutua akiukabili upepo, na akipumzika huelekeza mdomo huko huko. Basi upepo ukupige mgongoni: kila anayetua atakuja akikutazama, miguu imenyooshwa mbele, mabawa yamekingamishwa kama breki. Jua nalo liwe nyuma yako kadiri inavyowezekana, la sivyo rangi zote zitakuwa nyeusi. Vikigongana, asubuhi mimi huchagua jua.

Usisimame juu ya tuta ukachoreka angani. Kaa chini yake, au tumia kibanda cha kutazamia kama kipo. Gari pia ni maficho mazuri: ndege humwogopa mtu kwa miguu kuliko gari lililosimama na kuzimwa.

Hatua ya 5: Wasome

Bata waliotulia wanakula au wamelala, mdomo umezikwa mgongoni. Mtazame aliye pembezoni mwa kundi: mara nyingi jicho la upande wa nje liko wazi, kwa sababu bata anaweza kulaza nusu ya ubongo wake na kuacha nusu nyingine ikilinda. Shingo zikianza kunyooka, kula kukasimama, na kundi likageuka kuogelea kwenda upande usio wako, umekaribia mno. Rudi nyuma wakati huo, usingoje waruke.

Naomba hili mlishike kwa uzito. Kila wanaporuka kwa sababu yetu wanachoma mafuta waliyoyatafuta kwa safari. Mwaka 2022 ndege mmoja wa mwambao, wa umri wa miezi mitano hivi, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania kama kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Mafuta yale aliyakusanya kwenye tope, tonge kwa tonge. Kwa hiyo msirushe droni, msipige sauti za ndege kwenye simu, msimwachilie mbwa.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Hesabu kumi, ukariri jinsi kumi hao wanavyojaza nafasi, kisha pima kundi zima kwa kumi kumi. Kundi kubwa, pima kwa mia. Andika papo hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nilikwenda Septemba, bata wote walikuwa wa kahawia. Madume wako wapi?*

Marahaba. Walikuwa mbele yako. Baada ya kuzaliana madume wa bata wengi wa kaskazini hunyonyoka manyoya ya rangi na kufanana na majike kwa muda. Tazama mdomo na bawa, rangi zake hazibadiliki sana. Rudi Desemba utawaona wamevaa.

*Kaka, nitajuaje bata mzamiaji na asiyezamia, akiwa mbali?*

Ngoja aruke, dada, lakini usimrushe wewe. Anayekula juujuu huchomoka wima kutoka majini. Mzamiaji, kwa kuwa miguu yake imekaa nyuma sana, wengi wao hukimbia juu ya maji kwanza.

*Niliona bata bukini ana pete shingoni yenye maandishi. Ina maana gani?*

Ni alama ya watafiti. Kazi hiyo ya kuvalisha ndege pete kwa utaratibu ilianzishwa Denmark mwaka 1899 na mwalimu Hans Christian Mortensen. Andika rangi ya pete, herufi na namba, tarehe na mahali, upeleke ofisi ya hifadhi. Utajibiwa alikotoka, na nakuhakikishia barua hiyo utaitunza.

*Mwanangu aliokota bata aliyekufa ukingoni. Kuna shida?*

Kuna hatari ya homa ya mafua ya ndege, mama. Anawe mikono kwa sabuni sasa hivi, nawe wajulishe wahifadhi mahali bata alipokuwa. Mwangalie mwanao kwa siku kadhaa. Akipata homa, mpeleke kwa daktari na umweleze kuhusu bata huyo. Viatu vyenu visafisheni na kuvikausha kabla ya kwenda bwawa lingine.