Somo: Kuitambua beji ya kale ya jeshi na kopi ya juzi

Muuzaji hapa Dodoma akikuletea beji ya askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni), atatanguliza hadithi: ilifukuliwa shambani, ilikuwa ya babu wa fulani. Hadithi iweke kando. Igeuze beji, uanze na mgongo.

1. Mgongo. Beji nyingi za metali za kofia za jeshi la Kiingereza zilipigwa chapa kwa mashine kwenye bamba jembamba. Kilichotuna mbele, nyuma kimebonyea. Kopi nyingi husubiwa: shaba huyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Mgongo wake mara nyingi ni bapa, una vitundu vya hewa, na ubavuni utaona alama za tupa pale mstari wa kalibu ulipoondolewa. Tumia kioo cha kukuzia utazame herufi. Za kupigwa chapa zina kingo kali. Za kusubu zimelegea kama sabuni iliyotumika. Tena shaba ikipoa hunywea, kwa hiyo kopi huwa ndogo kidogo kuliko beji iliyonakiliwa. Ukipata ya kweli, zipime pamoja. Ila zipo kopi zinazopigwa chapa vilevile, kwa hiyo usiishie hapa.

2. Vitanzi. Ni vile vya mgongoni vya kuishikizia beji kwenye kofia. Lehemu inayong'aa au iliyomwagika ovyo ni dalili mbaya.

3. Uchakavu. Hapa ndipo ninapopaamini zaidi. Askari aliisugua beji yake mara kwa mara, kwa hiyo sehemu zilizoinuka zimelika na mashimo yamebaki na uchafu wa miaka. Beji iliyozeeshwa kwa dawa huwa nyeusi kote sawasawa, hata ndani ya vitanzi ambako kitambaa hakikufika.

4. Taji. Kwenye beji za enzi ya wafalme, kuanzia 1901, matao ya taji yamepanda kama kuba. Za enzi ya Malkia Elizabeth, aliyetawala kuanzia 1952, yanabonyea katikati. Ukiambiwa "ya 1914" na taji limebonyea, rudisha.

5. Sumaku. Shaba haivutwi. Lakini Msalaba wa Chuma, nishani ya Wajerumani ya 1914, kwa kawaida una kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, huo unavutwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kondoa: Mwalimu, nina beji ya Keya, nimeambiwa ni ya mapigano ya hapa kwetu, Mei 1916.
Jibu: Ndugu yangu, kikosi cha Waingereza kilichokuwa Kondoa kiliongozwa na Jenerali van Deventer, na askari wake wengi walitoka Afrika Kusini. Beji ya Keya "ya Kondoa" inataka ushahidi zaidi ya mdomo wa muuzaji. Nitumie picha ya mgongo.

Mwanachama, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Babu alipigana Burma, ametuachia nyota ya shaba isiyo na jina. Ni feki?
Jibu: Marahaba. Kukosa jina si kosa. Nyota za vita ya pili Waingereza waliwapa askari wa Keya bila kuandika majina. Ni medali za fedha za vita ya kwanza ndizo zilizogongwa namba na jina ukingoni. Itunze, na tafadhali msiisugue kwa majivu wala ndimu.

Mwanachama, Manyoni: Na za JWTZ?
Jibu: Hizo usinunue kabisa, mkuu. Sare na nembo za jeshi letu si mali ya raia.