Kuchukua sampuli za maji na kambale wa Sabaki kwa kipimo cha metali nzito

Sampuli ya Sabaki mara nyingi huharibikia mtoni, maabara haijaigusa. Mto huu huko juu ndio Athi, hupokea maji ya Mto Nairobi, na hufika Malindi umejaa tope. Risasi na kadimi, metali nzito zenye sumu, hushikamana na tope hilo. Kwa hiyo kila mahali jaza chupa mbili: moja ya maji yalivyo, nyingine ya maji yaliyopita kwenye chujio la mikroni 0.45. Ukipeleka ya kwanza peke yake, maji ya masika yataonekana na risasi nyingi kuliko ya kiangazi, na hutajua kiasi gani kilikuwa kwenye udongo.

Tumia chupa za plastiki za mililita 500, zilizolowekwa saa 24 katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Usichote karibu na mlango wa mto, chumvi huvuruga kipimo. Usiingie majini pia, kuna mamba na viboko. Funga chupa kwenye upondo kwa kamba ya nailoni, si waya, kisha uizamishe kama sentimita 30, mdomo ukielekea maji yanakotoka.

Chuja kwanza, asidi baadaye. Asidi ikitangulia hubandua metali kwenye tope na chujio halina kazi tena. Tia mililita 1 ya asidi kali ya nitriki kwa kila chupa, upime kwa karatasi: pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe chini ya 2. Zebaki iwe na chupa yake ya kioo, ipimwe ndani ya siku 28. Beba pia chupa ya maji yaliyokenekwa na uitendee vivyo hivyo. Ikionyesha risasi, uchafu ni wako, si wa mto.

Kambale anafaa kwa sababu hula chini, matopeni. Chagua watano wanaokaribiana: mfupi asipungue asilimia 75 ya urefu wa mrefu. Kata mnofu wa mgongo bila ngozi kwa kisu cha kauri. Ini na matamvua viwe kwenye mifuko mbali. Kadimi hujaa zaidi kwenye ini, na ukichanganya jibu halina maana. Gandisha kwa nyuzi −20.

Majibu yakirudi, uliza kama ni uzito mkavu (mnofu uliokaushwa) au mbichi (ukiwa na maji yake). Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, cha risasi kwenye samaki, miligramu 0.3 kwa kilo, ni cha uzito mbichi. Mnofu wenye maji asilimia 78 ukisoma miligramu 1 kwa uzito mkavu, ni 0.22 tu kwa mbichi. Wako watu waliotishwa bure na hesabu hii.

Jikoni, tupa ini na matamvua. Zebaki iliyo kwenye mnofu haitoki kwa kukaanga wala kupaka nazi. Maji nayo usiyachemshe ukidhani unaondoa risasi: mvuke huenda, risasi hubaki sufuriani.