Kupanga Safari ya Boti Ziwa Turkana Wikendi ya Sikukuu

Anayetaka kufika Kisiwa cha Kati wikendi ya Madaraka au Jamhuri na aweke nafasi ya ndege ya Nairobi hadi Lodwar mapema, kisha aendelee kwa gari hadi Kalokol au Eliye Springs, ambako boti hukodishwa. Jambo la kupimwa kwanza ni upepo, wala si bei: upepo wa kusini-mashariki aghalabu huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, na mawimbi yake yanaweza kupindua boti ndogo, kwa hiyo ni nahodha mwenyeji anayepaswa kuamua saa ya kuondoka, hata kama abiria wamekwisha kuchoka kungoja. Usipande boti isiyo na jaketi okozi kwa kila mtu na mafuta ya akiba ya kurudia. Maji ya ziwa yana magadi. Beba ya kunywa ya kutosha, pamoja na kofia. Kisiwa ni hifadhi ya taifa, hivyo kiingilio hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuogelea, kwa maoni yangu, kuachwe kabisa: mamba ni wengi mno.