Jinsi ya Kuutawala Uwanja wa Udongo: Mwongozo kwa Wachezaji wa Tenisi wa Uganda

Kila mwaka mwishoni mwa mwezi Mei, masika yanapoanza kupungua hapa Kampala, mashindano ya Roland Garros huanza mjini Paris, na kwa kuwa saa zetu zimewatangulia Wafaransa kwa saa moja tu, mechi za kwanza hutufikia saa sita mchana. Vijana ninaowafundisha siku za Jumamosi huzitazama, kisha hufika uwanjani wakitaka kuupiga mpira kwa nguvu zilezile walizoziona kwenye runinga. Mwongozo huu nimewaandikia wao, pamoja na yeyote anayecheza kwenye viwanja vyetu vya udongo, kwa sababu nimesadiki kwamba udongo hutawaliwa kwanza kwa miguu, pili kwa kimo cha mpira, na nguvu za mkono hufuata nyuma sana.

Tuwatazame kwanza waliofanikiwa. Rafael Nadal wa Hispania alitwaa taji la Roland Garros mara 14 kati ya mwaka 2005 na 2022, na katika mechi 116 alizocheza pale alishindwa 4 tu. Kuanzia Aprili 2005 hadi Mei 2007 alishinda mechi 81 mfululizo kwenye udongo, mpaka Roger Federer alipoukata mfululizo huo katika fainali ya Hamburg. Björn Borg alikuwa amechukua mataji 6 ya Paris kabla yake, na kwa upande wa wanawake Chris Evert alishinda mechi 125 mfululizo za udongo kati ya Agosti 1973 na Mei 1979. Mifululizo ya namna hii huzaliwa kwenye udongo kwa sababu pointi ni ndefu, servisi kali (pigo la kuanzisha pointi) hupungua makali, na mchezaji aliye bora hupewa nafasi nyingi za kuudhihirisha ubora wake kabla mechi haijaisha. Ukiwa umejiandaa vizuri kuliko mpinzani wako, udongo utakulipa. Ukiwa hujajiandaa, hautakuficha.

Uelewe basi udongo wenyewe. Wekundu unaouona Roland Garros ni unga wa matofali yaliyosagwa, na tabaka hilo la juu lina unene wa milimita moja au mbili tu. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyopondwa, masalia ya makaa ya mawe, changarawe na mawe makubwa ya kupitisha maji. Viwanja vyetu vingi havikujengwa hivyo. Vimetengenezwa kwa udongo mwekundu wa hapahapa, mara nyingi ule wa kichuguu, uliopepetwa, ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa rola. Hata hivyo kanuni ni ileile: mpira unapotua, chembe za juu huusugua, kasi yake ya kwenda mbele hupungua, nao huruka juu zaidi kuliko kwenye nyasi.

Kuna jambo moja ambalo makocha wetu hulisahau. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali Madrid, ambako wachezaji wa kulipwa wamezoea kusema kwamba mpira hukimbia kuliko Rome au Paris, iko kwenye mita 650 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mpira haupungui kasi sana ukiwa angani, na mzunguko wake hauushiki ili kuushusha kama inavyokuwa nchi za chini. Anayeiga moja kwa moja mapigo ya Paris ataona mipira yake ikipita mstari wa nyuma kwa futi moja. Ongeza mzunguko wa mpira kuelekea mbele, kaza nyuzi za raketi kidogo, na ukienda kucheza Kabale au Mbarara uulize kama wanatumia mipira ya mwinuko, ambayo sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi huiruhusu kwenye maeneo yaliyo juu ya mita 1,219.

Sasa tuje kwenye kuteleza, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo wachezaji wetu wengi wanapopotezea mechi. Mchezaji aliyekulia kwenye saruji hukimbia, hupiga, halafu ndipo huteleza akijaribu kusimama. Kufikia hapo amekwisha kupoteza hatua mbili, kwa maana mtelezo unampeleka mbali na katikati ya uwanja wakati mpira umeshaondoka kwenye raketi yake, na mpinzani anaiona nafasi tupu. Mjuzi wa udongo huanza kuteleza kabla ya kupiga, hupiga mtelezo unapofikia mwisho, na mguu unaposimama ndipo huohuo unapomsukuma kurudi alikotoka.

Mimi mwenyewe nilicheza miaka kadhaa bila kulielewa hilo, hadi siku nilipokimbilia mpira wa pembeni, nikapiga, kisha nikajaribu kusimama ghafla juu ya mguu ulionyooka. Kiatu kikanasa palipokuwa na unyevu na kifundo cha mguu kikateguka. Niliporejea baada ya wiki kadhaa, mzee aliyekuwa akiutunza uwanja ule alinizuia nilipotaka kuufagia baada ya mazoezi. "Mwanangu, kabla hujafuta, soma kwanza ulichoandika," aliniambia, akanielekeza kwa mpini wa ufagio. Upande wangu wa fohendi, yaani ule wa mkono unaoshika raketi, kulikuwa na alama fupi zilizopinda, na mwishoni mwa kila moja udongo ulikuwa umejikusanya katika kirundo kidogo kama cha fuko. Upande wa pili wa wavu, alikokuwa akicheza mwenzangu, michirizi ilikuwa mirefu kama raketi, imenyooka, na mwisho wake ulififia bila rundo lolote. "Yule anapita juu ya udongo," mzee akasema. "Wewe unauchimba."

Tangu siku hiyo sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho, nacho hakihitaji kamera. Kirundo cha udongo maana yake ni kwamba uzito wa mwili uliangukia ukingo wa mbele wa kiatu, au wayo uliwekwa ukikingama na mwendo, hivyo soli ikachimba badala ya kupita. Ili kurekebisha, acha raketi kando. Simama katikati ya mstari wa nyuma, kimbia hatua nne kuelekea kulia, na hatua ya mwisho iwe ndefu na ya chini, wayo wa kulia ukigusa ardhi kwa wepesi huku ncha yake ikielekea mbele kidogo. Goti lipinde, kiwiliwili kibaki wima, na mguu wa kushoto uburuzike nyuma kwa upande wa ndani wa kidole gumba. Mwanzoni teleza urefu wa kiganja tu. Urefu utakuja wenyewe mwili ukishauamini udongo. Fanya vivyo hivyo upande wa kushoto, kisha kwenda mbele kwenye wavu, ambako kisigino hutangulia na vidole huinuliwa kidogo. Rudia mara kumi kila upande, halafu nenda ukasome michirizi. Raketi irudi mikononi siku ambayo virundo vimetoweka. Kuhusu viatu, tafuta soli yenye mistari ya zigizaga iliyojaa wayo mzima. Soli laini iliyolika hukuangusha, na soli yenye meno makubwa huunyanyua udongo na kuuharibu uwanja.

Miguu ikishatulia, tuinue mpira. Fohendi ya Nadal ilipopimwa kwa kamera za kasi ilionekana kuzunguka wastani wa takriban mara 3,200 kwa dakika. Mpira wa namna hiyo hupita juu sana ya wavu, hushuka ghafla ndani ya mstari, kisha huruka mpaka begani mwa anayeupokea. Federer alilijua tatizo hilo kuliko mtu yeyote: walikutana mara 6 Roland Garros na Nadal akashinda zote, na mbinu aliyoirudia ilikuwa rahisi kuieleza. Akiwa anatumia mkono wa kushoto, Nadal aliipeleka fohendi yake kwa mshazari hadi kwenye bakihendi (pigo la upande wa pili wa mwili) ya mkono mmoja ya Federer, juu ya bega, tena na tena, hadi jibu lilipokuja fupi. Hapo ndipo alipoingia ndani ya uwanja na kuupiga mpira kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Pigo lililomaliza pointi ndilo watu walilolipigia makofi, lakini pointi yenyewe ilikuwa imeshaamuliwa mapigo matatu nyuma yake.

Ili ujifunze kimo hicho, simika miti miwili ya mianzi kwenye ncha za wavu na ufunge kamba mita moja juu ya utepe wa juu wa wavu. Pigeni kwa mshazari, mpira ukipita juu ya kamba na kutua baina ya mstari wa servisi na mstari wa nyuma. Mpira unaopita chini ya kamba hauhesabiwi hata ukiwa mzuri kiasi gani. Mkishafikisha mipira ishirini bila kukosea, ndipo mruhusiane kubadilisha uelekeo, na ubadilishe pale tu unapokuwa umesimama vyema na mpira wa mwenzako umetua mfupi. Anayegeuza uelekeo akiwa anakimbia nje ya uwanja anajifungulia mlango wa kushindwa.

Si kila mtu amejaliwa mkono wa kuuzungusha mpira hivyo, na kijana wa namna hiyo asikate tamaa. Evert aliupiga mpira ukiwa na mzunguko mdogo, karibu wa kunyooka, lakini aliupeleka ndani kabisa karibu na mstari wa nyuma na hakukosea. Mpinzani ndiye aliyechoka kwanza. Justine Henin wa Ubelgiji, mwenye mwili mdogo, alitwaa mataji 4 ya Paris kwa bakihendi ya mkono mmoja na slaisi, pigo la kuukata mpira kwa chini, iliyomlazimisha mpinzani kuinama. Iga Świątek wa Poland, naye mwenye mataji 4 kufikia mwaka 2024, huteleza hadi kwenye mpira wa pembeni na kuugeuza kuwa shambulio. Kwa maoni yangu wasichana wetu wamtazame Evert kabla ya kumtazama mtu mwingine, kwa kuwa kina na utulivu vinafundishika kwa kila mwili.

Vipi ukikutana na mtu anayekurushia mipira ya begani? Robin Söderling, wa kwanza kumshinda Nadal Roland Garros, katika raundi ya nne mwaka 2009, hakurudi nyuma kuingoja ishuke. Aliipiga ikiwa juu, kwa nguvu na kwa kunyooka, akimnyima Nadal muda. Novak Djokovic, aliyemshinda pale mwaka 2015 na 2021, aliikamata ingali ikipanda kwa bakihendi ya mikono miwili na kuirudisha kwa mshazari kwenye fohendi ileile. Una njia mbili basi: usogee mbele uuchukue mpira mapema, au urudi mita tatu nyuma ya mstari uupokee ukishuka. Kusimama katikati ya njia hizo ndiko kunakomaliza watu.

Servisi isikutese. Kwenye udongo ile ya kwanza itakupa pointi chache za bure, kwa hiyo ipunguze nguvu kidogo iingie mara nyingi, na uielekeze pembeni ili fohendi yako ipate uwanja uliofunguka. Mpinzani akishazoea kupokea akiwa mbali nyuma, mpigie dropu shoti, mpira mfupi unaodondoka karibu na wavu, kama afanyavyo Carlos Alcaraz, lakini uipige kwa mwendo uleule wa fohendi yako kali, wewe mwenyewe ukiwa ndani ya mstari, kisha uifuate mbele hatua mbili. Dropu shoti inayopigwa kwa sababu umechoka huonekana tangu mkono unapoinuka.

Na uchovu utakuja. Fainali ya mwaka 2025, ambapo Alcaraz aliokoa pointi tatu za ubingwa na kumshinda Jannik Sinner, ilidumu saa 5 na dakika 29. Mechi zetu ni fupi zaidi, ila hufanyika juani, na vilima vya Kampala ni mazoezi tosha kwa anayekubali kuvipanda kwa miguu alfajiri.

Katika mechi nyingi za klabu hakuna mwamuzi kitini, nao udongo huitunza alama ya mpira. Mpira ukitua upande wako, wewe ndiwe unayeamua, na mpinzani ana haki ya kuomba kuiona alama. Ukiifuta kabla hajaiona, pointi inakuwa yake. Mwonyeshe ile unayoijua kwa hakika, usimwonyeshe iliyo jirani nayo. Mpira ulionyooka huacha alama ndefu, na wenye mzunguko mkubwa huacha iliyokaribia duara, kwa hiyo alama isiyolingana na pigo lililopigwa huenda ni ya pointi iliyopita.

Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, usiingie uwanjani kwa sababu tu jua limechomoza. Bonyeza kisigino karibu na mstari wa nyuma: maji yakijikusanya ndani ya alama, au udongo ukiganda kwenye soli, subiri. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka, kwani uwanja mkavu hugeuka vumbi na mtelezo hauna kikomo, hivyo unyunyizie maji mapema kabla ya kucheza. Ukimaliza, ukishasoma michirizi yako, buruta wavu mkuukuu au gunia kuanzia kwenye uzio ukizunguka kuelekea katikati, maana anayeanzia katikati huusukuma udongo wote nje na kuwaachia wanaofuata uwanja mtupu. Mistari ifagiliwe mwisho.