Kumpeleka mtoto mdogo msituni majani yanapopukutika: Epping, upande wa Chingford

Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, usipange kilomita. Panga muda wa saa mbili, au tatu ukiona bado ana furaha, na uwe tayari kuzimaliza zote karibu na pale mlipoingilia. Ndivyo ninavyowaambia akina mama wenzangu wa huku mashariki ya London wanaponiuliza nampelekaje binti yangu Epping, msitu mkubwa ulio ukingoni mwa London, na kurudi naye hajachoka kwa kulia. Binti yangu ana miaka minne. Nimezaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na kwetu mtoto alifuata watu msituni wakiwa na kazi: kuni, uyoga, dawa. Huku hatuendi kwa kazi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbiza.

Majani huanza kubadilika mwishoni mwa Septemba, lakini majuma ninayoyapenda ni yale ya katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kinachotawala siku yenu wakati huo ni mwanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma saa moja. Jumamosi yake jua huzama karibu na saa kumi na mbili kasorobo jioni, na kesho yake saa kumi na dakika arobaini hivi tayari limezama. Katikati ya Novemba ni saa kumi na dakika kumi, na ndani ya msitu giza hutangulia. Mimi huondoka nyumbani saa tatu asubuhi na nataka tuwe tumetoka chini ya miti saa saba. Mchana mtoto ana njaa na usingizi, na hapo hata msitu mzuri namna gani haumsaidii.

Upepo mkali ahirisha. Mvua nyepesi nenda. Miti ya Epping mingi ni mizee na mizito juu, na dhoruba huangusha matawi makubwa kweli. Siku yenye upepo wa wastani sikai na mtoto chini ya mti mkubwa kula, natafuta uwazi.

Sisi tunapanda treni Walthamstow Central, tunapita Wood Street na Highams Park, na kituo kinachofuata ndicho Chingford, mwisho wa njia. Mtoto wa chini ya miaka 11 halipiwi nauli akiwa na mtu mzima aliyelipa, na msitu wenyewe hauna kiingilio. Kutoka stesheni unafuata barabara kuu kulia kwako hadi Queen Elizabeth's Hunting Lodge, jumba jeupe la mbao lililojengwa mwaka 1543 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane ili atazame uwindaji. Jirani yake kuna kituo cha wageni. Mpitishe chooni hapo hata akikuambia hataki.

Kama una kigari cha mtoto, au mtoto ni mwepesi wa kuchoka, teremka hadi ziwa la Connaught Water na kulizunguka. Njia yake imewekwa changarawe na magurudumu yanapita. Kuna bata wa mandarini, wale madume wenye mashavu ya rangi ya chungwa, na mtoto atataka kusimama kwa kila mmoja. Kama hana kigari, ingia msituni wenyewe kwa vijia vya upande wa juu. Udongo wa Epping ni wa aina mbili: juu kwenye mgongo wa kilima kuna kokoto na maji hupenya, chini ni mfinyanzi mtupu. Baada ya siku mbili za mvua, vijia vya chini vinashika gambuti mpaka mguu unatoka peke yake na soksi.

Bibi yake huko Muheza kila nikimwambia tunakwenda porini na baridi hii husema, "Mwanangu, mfunike kifua huyo mtoto, atashikwa na kichomi." Namfunika kifua. Lakini kinachomaliza matembezi ni miguu. Gambuti, soksi za sufu, na jozi ya pili ya soksi ndani ya mfuko wa plastiki ili zibaki kavu. Juu namvalisha nguo nyepesi kadhaa badala ya koti moja zito, kwa sababu baada ya robo saa ya kupanda ataanza kuvua. Koti la nje lisipitishe maji na liwe na rangi kali. Koti la kahawia halionekani kati ya majani ya kahawia, na wewe unataka kumwona kwa kutupa jicho tu. Suruali iingie ndani ya soksi. Nitasema kwa nini.

Begani nabeba chupa ya chai ya tangawizi, kikombe chake cha bati, maandazi, ndizi, tishu za maji na nguo ya ndani ya akiba. Na kanga. Kanga ni mkeka wa kukalia, ni taulo, ni shuka la kumfunika akilala kwenye treni, na saa ya miguu kugoma ni mbeleko. Mtoto wa miaka minne bado anabebeka mgongoni kwa mwendo wa dakika kumi, na mikono yako inabaki huru kushika mti unapoteleza. Nawaona wazazi wenye mabegi ya chuma ya kubebea watoto. Ni mazuri, lakini kanga inakaa mfukoni.

Kabla ya kuvuka uwazi wa nyasi kuingia chini ya miti, nachuchumaa mbele yake na tunakubaliana mambo mawili. La kwanza, lazima aone uso wangu na mimi nione wake. La pili, akinipoteza asitembee: akumbatie mti ulio karibu, abaki hapo, aniite kwa sauti kubwa. Tunayafanyia mazoezi, anakumbatia, anaita, namfuata. Mfukoni mwake naweka karatasi yenye namba yangu ya simu. Kombolela tunacheza, ila kwa kujificha nyuma ya miti mitatu niliyoitaja mimi tu.

Kisha mwache atangulie. Mtoto anayeburutwa mkono anachoka upesi, anayeongoza anakwenda. Akisimama kwenye dimbwi, simama. Mimi hutoa kazi ndogo pale tu ninapoona anaanza kulegea: nitafutie jani kubwa kuliko kiganja chako, nitafutie lenye tobo, nitafutie moja lenye rangi tatu. Vitendawili navyo vinasogeza miguu. Nikisema "Kitendawili!" anajibu "Tega!" hata kama mdomo umejaa andazi. "Watoto wangu wote wamezaliwa na kofia." Hicho nilikitunga kwa kokwa za mwaloni, zile zilizokaa kwenye kikombe. Akishakijua atatega vyake, visivyo na jibu, na wewe ukae navyo kwa heshima.

Kuna swali moja ambalo mtoto aliyelelewa kwenye familia ya kwetu lazima ataliuliza, kwa hiyo jiandae nalo. "Mama, mti umekufa?" Kwetu Usambara msitu haubaki uchi. Majani huanguka moja moja mwaka mzima na mengine yapo. Anapoona mti mzima umevuliwa, na bibi yake hajawahi kumsimulia kitu kama hicho, swali lake ni la haki. Usimjibu "umelala" ukaishia hapo. Mwoneshe.

Okota jani la njano na mwambie kwamba ile njano ilikuwemo tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Kijani ndicho kinachotumia jua kutengeneza chakula cha mti. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unakivunjavunja na kurudisha vilivyo bora ndani ya matawi, kama mwenye duka anavyoingiza bidhaa kabla ya kufunga mlango. Kijani kikiondoka, njano inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo miti mingi huitengeneza wakati huohuo wa mwisho, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofika kugandisha. Halafu mwoneshe mwisho wa kikonyo, pale kilipoachana na tawi. Pamefungwa vizuri, hapavuji. Mti wenyewe umejenga ukuta mdogo hapo, na jani limeachia.

Sasa vuta tawi la chini la mti wenye gome laini la kijivu, ule ambao Waingereza huuita beech na ambao umejaa Epping. Kwenye ncha utaona kitumba chembamba cha kahawia, kirefu na kilichochongoka. Hilo ni jani la mwakani. Limeshaumbwa, limekunjwa humo, linasubiri Aprili. Mpe alishike bila kulikata. Binti yangu sasa akipita kwenye mti wowote ulio uchi, hata ule wa mbele ya kituo cha basi, hutafuta vitumba na kunitangazia kwamba mti ni mzima. Kwangu mimi hata kama matembezi yote yangekuwa hayo tu, treni ingekuwa imejilipa.

Atakuuliza pia kwa nini miti ina mikono mingi. Mingi ya Epping ina shina nene fupi, na juu ya kichwa cha mtu mzima inachanua matawi kila upande. Hiyo ni kazi ya watu. Kwa karne nyingi wanavijiji wa hapa walikuwa na haki ya kukata kuni, na walikata matawi juu kuliko ng'ombe na kulungu wanavyofika, ili machipukizi yasiliwe. Mti haukufa, ulichipua upya na kukatwa tena. Wenye ardhi walipotaka kuzungushia msitu uzio katika karne ya 19, wakata kuni wa Loughton, mji ulio kando ya msitu, mzee Thomas Willingale akiwa mbele, walikataa. Sheria ya mwaka 1878 iliuweka msitu chini ya uangalizi wa halmashauri ya City of London, ile sehemu kongwe ya jiji, ubaki wazi kwa watu wote, na haki ya kukata kuni ikafutwa. Wenyeji walipewa fidia, na sehemu yake ikajenga ukumbi wa Lopping Hall uliopo Loughton hadi leo. Mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyebeba mizigo ya kuni kichwani, kwa hiyo hadithi hii huisimulia kwa kirefu kuliko binti yangu anavyohitaji.

Uyoga ni mwingi msimu huu na Epping kuuchuma ni marufuku, wa kula na usiolika. Hata bila marufuku, mtu aliyezoea uyoga wa nyumbani asijaribu wa huku, maana upo unaofanana na wa kula na unaua. Ule mwekundu wenye madoa meupe huota chini ya miti myembamba yenye gome jeupe, na mtoto atauona kabla yako. Sheria yetu ni kulala kifudifudi na kuutazama chini ya kofia yake, mikono nyuma. Mikono inafutwa kabla ya kila andazi.

Mbegu za kahawia zinazong'aa, ambazo watoto wa huku hufungia uzi na kugongeshana, haziliwi, zina sumu. Zinazofanana nazo na zinazoliwa zina ganda lenye miiba mingi myembamba na zenyewe zina kincha kilichochongoka. Kwa mtoto mdogo sheria rahisi ndiyo salama: hakuna kinachotoka chini kinachoingia mdomoni.

Oktoba ni msimu wa kulungu dume kugombea majike. Mkiwaona simameni mbali, msisogee kupiga picha. Ng'ombe wenye pembe ndefu wanaoachiwa kulisha sehemu za msitu ni wapole, lakini nao wapiteni kwa mbali.

Kupe ndio sababu ya suruali kuingia kwenye soksi. Wapo mpaka msimu huu wa majani kupukutika unapokwisha, wadogo kuliko wa ng'ombe wa kwetu, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria yanayopitia kwenye kuumwa kwao. Mkifika nyumbani mvue nguo zote bafuni na umkague nyuma ya masikio, kwenye nywele za kisogo, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kuminya, kisha osha kwa sabuni. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Baka jekundu linalotanuka, au homa, katika majuma yanayofuata ni la kwenda kwa daktari na kumwambia mlikuwa msituni.

Gambuti zioshe siku hiyohiyo, mfinyanzi ukikauka ni kazi ya kisu. Majani mazuri yafute, yapange kati ya kurasa za gazeti, weka vitabu vizito juu na badilisha gazeti baada ya siku mbili tatu. Juma moja yanakuwa makavu na bado yana rangi. Sisi huyaandikia nyuma na kuyatuma Muheza ndani ya bahasha. Kokwa za mwaloni chache alizookota ziweke nje kwenye bakuli, usiziache kwenye droo ya nguo zake: nyingi zina funza wa dudu mwenye pua ndefu, na watatoboa na kutoka. Akiwaona wakitoka bakulini, mwache awatazame wakijichimbia kwenye chungu cha maua.