Kuvuka Andes kwa Pikipiki, Kutoka Mendoza, Argentina, Hadi Chile

Nenda kati ya Desemba na Machi. Majira ya baridi theluji hufunga njia. Kabla ya kulipa, mwulize mwenye msafara kama pikipiki ya kukodi ina kibali cha kuvuka mpaka. Bila karatasi hiyo utarudishwa, hata pasipoti yako iwe safi vipi.

Ondokeni Mendoza alfajiri kwa barabara namba 7, mjaze tenki kwenye mji mdogo wa Uspallata. Joto la bondeni lisikudanganye: handaki la mpakani liko mita 3,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kule hupenya hadi kwenye kucha. Mimi huvaa glavu mbili. Kichwa kikianza kugonga, mwambie kiongozi, usijitie ushujaa.

Matunda na nyama maliza kabla ya forodha ya Chile, hawana mchezo. Kisha unakuja mteremko wa Los Caracoles, kona juu ya kona, na malori yanayopanda hutanua hadi upande wako. Shuka kwa gia ndogo, breki zisichemke. Macho yatafute mwisho wa kona, si gurudumu la mbele.

Malbec, mvinyo mwekundu wa Luján de Cuyo karibu na Mendoza? Onja jioni, pikipiki ikishaegeshwa. Anayekupangia mvinyo adhuhuri kisha safari, mkatae.